QuickLOAD au GRT? Kuchagua programu ya kukadiria risasi za kaliba za kubuni kwa joto la huku kwetu

Msimu wa uwindaji ukifunguliwa Julai, baadhi ya wageni wanaopitia Arusha kwenda vitaluni huja na bunduki ambazo risasi zake hazipatikani dukani, si hapa wala huko watokako. Ni kaliba za kubuni. Mtu amechukua ganda la kiwandani, akalibana shingo lipokee kichwa cha risasi chembamba zaidi, au akalipanua mabega liingie baruti nyingi zaidi, kisha fundi akachonga chemba ya bunduki ifuate umbo hilo. Hakuna kiwanda kinachozijaza, hakuna kiwango cha presha kilichopitishwa na chombo chochote, na mara nyingi hakuna ukurasa wa kitabu unaosema uweke baruti kiasi gani. Mwenyewe hujaza kwa mkono, na siku hizi hukadiria kwanza kwa kompyuta.

Nawaandikia wanaokutana na risasi hizo huku kwetu: wawindaji bingwa, mafundi bunduki wenye leseni, vijana waliotoka chuo cha wanyamapori cha Mweka wanaopenda hesabu za balistiki, na wamiliki wanaofikiria kuagiza bunduki ya namna hiyo. Programu mbili ndizo zinazotajwa sana, QuickLOAD ya Ujerumani na Gordon's Reloading Tool, ambayo wengi huiita GRT. Nazilinganisha kwa swali linalotuhusu sisi kuliko linavyomhusu mtu wa Ulaya: risasi iliyojazwa kwenye baridi itafanya nini ikipigwa Natron saa nane mchana? Kwa swali hilo nawashauri wengi wachukue GRT. QuickLOAD namwachia fundi anayebuni kaliba mpya mara kwa mara. Na asiye na kipima kasi cha risasi asiiamini yoyote kati ya hizo.

Kwanza sheria, maana kuna wanaodhani kuwa na programu ni kama kuwa na ruhusa. Silaha na risasi nchini zinaongozwa na sheria ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi ni jambo la leseni. Kukaa mbele ya kompyuta ukapiga hesabu hakuna tatizo. Kujaza hata ganda moja ni habari nyingine, na kabla ya kuligusa nenda polisi upate jibu la maandishi. Kwa hiyo wengi wetu tutazitumia programu hizi kukagua, siyo kujaza: mgeni anatuma maelezo ya risasi zake, nasi tunaangalia kama zina usalama kwa mahali tunapompeleka. Ukaguzi wa namna hiyo unaweza kuokoa uso wa mtu na safari nzima.

Zinahesabu nini hasa

Balistiki ina sehemu mbili, na watu huzichanganya. Balistiki ya ndani ni yale yanayotokea kuanzia pini inapogonga fataki mpaka kichwa cha risasi kinatoka mdomoni mwa mtutu. Balistiki ya nje ni safari ya hewani baada ya hapo. QuickLOAD na GRT ni za ndani. Programu za simu zinazokuambia uinue darubini kiasi gani ni za nje, na hazijui lolote kuhusu presha ndani ya chemba. Mtu akikwambia ameipima kaliba yake kwa programu ya simu, ujue hajapima usalama wake hata kidogo.

Hesabu za ndani si mpya. Mapema miaka ya 1960 Mmarekani Homer Powley aliuza kikokotoo cha kuteleza, kama rula ya hesabu, kilichokadiria kiasi cha baruti na kasi kwa kutumia ujazo wa ganda, uzito wa kichwa na urefu wa mtutu. Kilitegemea aina chache za baruti za chapa ya IMR. Wabunifu wengi wa kaliba walikishika, kwa sababu ndicho kilichokuwepo. QuickLOAD, iliyotungwa na Hartmut Brömel, ilipeleka kazi hiyo mbali zaidi: kila baruti ikawa na takwimu zake za nishati, msongamano na kasi ya kuungua, na kompyuta ikafuata presha hatua kwa hatua kadiri kichwa kinavyosogea ndani ya mtutu. GRT ilikuja baadaye sana, kwa misingi inayokaribiana, ikiwa ya bure.

Unachoingiza kinafanana kwenye zote mbili: ujazo wa ganda, urefu wa risasi iliyokamilika, kipenyo, uzito na urefu wa kichwa, aina na uzito wa baruti, urefu wa mtutu. Unachopata nacho kinafanana: presha ya juu kabisa, kasi mdomoni mwa mtutu, asilimia ya baruti iliyoungua kabla kichwa hakijatoka, na muda kichwa kilichokaa ndani ya mtutu. Tofauti iko kwenye njia ya kufika hapo.

Bei, kuipata, na mtandao

Hapa GRT inashinda bila ubishi. Unaipakua, unaiweka kwenye kompyuta ya Windows au Linux, unaanza kazi. QuickLOAD inalipiwa, na kwa miaka mingi imeuzwa kwenye CD inayosafirishwa kutoka nje. Mtu wa Moshi anayetaka kujaribu tu atalipia programu, usafirishaji, pengine na ushuru, kabla hajajua kama itamfaa. Zote mbili zikishawekwa hufanya kazi bila bando, na hilo ni kubwa kwa anayekaa kambini wiki kadhaa akitegemea sola. Kompyuta mpakato ya zamani inatosha.

Orodha ya kaliba

Hapa QuickLOAD ina ukongwe wake. Imekusanya kaliba kwa miongo, na kati yake zimo nyingi za kubuni ambazo hutaziona kwenye kitabu cha kawaida. GRT nayo ina orodha nzuri inayokua kwa michango ya watumiaji, lakini kwa kaliba ya ajabu nisingeshangaa kukuta QuickLOAD inayo na GRT haina.

Tofauti hiyo hainisumbui kama inavyowasumbua wengine. Kaliba ya kubuni, hata ikiwa na jina kwenye orodha, haina chemba moja. Fundi wa Texas na fundi wa Pretoria wanaweza kuchonga chemba za jina lile lile zikapishana urefu wa shingo au pembe ya bega, na ganda lililopigwa kwenye kila moja likatoka na ujazo wake. Kwa hiyo hata jina likiwemo, namba iliyokuja nalo ni ya kuanzia tu. Itabidi upime ganda lako.

Upimaji wenyewe nauelezea kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndiyo namba inayoharibu makadirio kuliko zote. Chukua ganda lililopigwa kwenye bunduki ile ile, usilibane tena, na uache fataki iliyokwishalipuka mahali pake ili kitako kizibe. Lipime uzito likiwa kavu. Lijaze maji kwa bomba la sindano, ukiweka tone dogo la sabuni ya vyombo ili mapovu yasinase kwenye mabega. Maji yakifika mdomoni hayatakiwi kuinuka kama kuba wala kubonyea. Yawe sawa na ukingo, kama kibaba cha mchele kilichosawazishwa kwa kijiti. Lipime tena. Tofauti ya uzito, kwa greni, ndiyo ujazo unaouingiza. Rudia kwa maganda kadhaa ya kundi moja uchukue wastani. Greni 1 ni gramu 0.0648, kwa hiyo mizani ya jikoni haifai. Tumia ya sonara au ya baruti.

Ukiweka ujazo mkubwa kuliko wa kweli, programu itaona nafasi isiyokuwepo na itakupa presha ya chini kuliko halisi. Kosa la aina hiyo ndilo baya, maana skrini inakutuliza wakati ambapo ingetakiwa ikuonye.

Kwa kaliba isiyokuwemo kabisa, zote mbili zinakuruhusu kuitunga. QuickLOAD hapa ni nzuri zaidi kwa fundi: ukurasa wake umepangwa kwa mtu anayejua eneo la mkato wa mtutu, na ina kigezo cha umbo la ganda, takriban 0.5 kwa ganda lenye shingo la kawaida na zaidi ya hapo kwa lililonyooka. Kuna namba moja ambayo programu hizi zinakuachia mwenyewe, nayo ni presha ya mwisho inayoruhusiwa. Kaliba ya kiwandani ina kiwango kilichowekwa na C.I.P. kule Ulaya au SAAMI kule Marekani. Ya kubuni haina. Namba hiyo itokane na uimara wa bunduki na wa ganda mama, yaani lile la kiwandani lililobadilishwa, kamwe isitokane na kasi unayoitamani.

Joto ndilo linaloamua

Baruti isiyo na moshi huungua haraka zaidi ikiwa na joto. Hilo si jambo la kinadharia kwa Afrika. Kampuni ya Rigby ya London ilipotoa .416 Rigby mwaka 1911 ilitumia ganda kubwa mno kwa kasi iliyoikusudia, kwa sababu kordaiti, baruti ya enzi hizo, ilipandisha presha vibaya kwenye joto la tropiki. Ganda kubwa lilishusha presha ya kuanzia, na ganda likaendelea kutoka chemba bila kung'ang'ania. Mpaka leo kiwango cha C.I.P. cha .416 Rigby ni bar 3,250, wakati cha .375 H&H Magnum ya mwaka 1912 ni bar 4,300.

Sasa linganisha na .416 Taylor, kaliba ya kubuni ya Robert Chatfield-Taylor. Ni ganda la .458 Winchester Magnum lililobanwa shingo. Ujazo wake ni kama greni 90 na kitu za maji, wakati Rigby ina karibu 130. Ukitaka zote zirushe kichwa cha greni 400 kwa futi 2,400 kwa sekunde, yaani takriban mita 730, Taylor haina budi kufanya kazi kwa presha ya juu zaidi. Nafasi ya makosa imeliwa na udogo wa ganda. Huo ndio mpango wenyewe wa kaliba hiyo, bunduki fupi na nyepesi yenye nguvu ile ile, na si kasoro. Ila joto linapoongezeka, huna akiba aliyokuwa nayo Rigby.

Chukua mgeni aliyejaza na kupima risasi zake kwao nyuzi joto zikiwa 5. Kitaluni Natron, bondeni, anapiga nyuzi zikiwa 38. Tofauti ni nyuzi 33. Tuseme baruti yake huongeza nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Kasi imepanda karibu mita 17 kwa sekunde. Kwenye shabaha ya mita 60 hataona chochote. Lakini presha hupanda kwa asilimia kubwa kuliko kasi, na kama alikuwa tayari amejaza mpaka dari, dalili zitaanza: fataki iliyobapa, alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda, kisha mkono wa bolti unaogoma kuinuka. Nyati aliyejeruhiwa hasubiri mtu agonge bolti kwa kiganja.

Kwenye GRT joto la kuanzia la baruti ni kisanduku unachojaza, na baruti nyingi zilizomo zina viwango vyao vya kuitikia joto na baridi. Unaandika 5, unaangalia presha. Unaandika 38, unaangalia tena. Kwenye matoleo ya QuickLOAD niliyoyatumia, baruti huchukuliwa kuwa na joto la kawaida la chumba, na unayetaka joto jingine unaipandisha kasi ya kuungua kwa mkono. Mzoefu ataweza. Asiye mzoefu atabahatisha. Kwa mtu wa Arusha hili peke yake linatosha kunipeleka GRT.

Na usiandike 38 ukaridhika. Namba inayotakiwa ni ya baruti, siyo ya hewa. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi ya Land Cruiser chini ya kioo cha mbele hupita nyuzi 60. Risasi iliyokaa dakika kadhaa ndani ya chemba iliyochemka hupata joto la chemba. Mimi hujaza 60 kwenye kisanduku hata kama mgeni anaapa risasi zake zitakaa kivulini. Presha ikivuka kiwango kwa 60, namwomba ashushe baruti kabla hajapanda ndege.

Nimesikia pia watu wakisema hewa nyepesi ya Arusha hupunguza presha ya risasi. Hapana. Baruti hubeba oksijeni yake yenyewe ndani ya ganda lililofungwa. Mwinuko wa mita 1,400 hauijui. Mwinuko una kazi yake, lakini ni baada ya kichwa kutoka mtutuni.

Kuirekebisha iseme ukweli

Programu zote mbili hutoa wastani wa baruti ya aina fulani, na kopo ulilonalo si wastani. Kila toleo la kiwanda hupishana kidogo. Ndiyo maana kipima kasi hakikwepeki, kiwe cha macho chenye vivuli viwili, kile cha sumaku kinachofungwa kwenye mtutu, au cha rada. Cha macho kina shida zake kwenye jua letu la saa sita. Cha rada kinavumilia zaidi lakini bei yake ni nyingine.

Utaratibu ni huu: mtu anapiga risasi zilizojazwa kiasi cha chini, anapata kasi halisi, anailinganisha na ya kwenye skrini. Zikipishana, anarekebisha kasi ya kuungua mpaka zikutane, kisha anaangalia presha mpya. GRT inaongoza kazi hii vizuri, ikipokea vipimo kadhaa na kuvitafutia mlinganyo. QuickLOAD inakuachia ubadilishe namba moja moja. Wapo wanaoipenda QuickLOAD kwa sababu hiyo hiyo, maana unaona kila skrubu unayoigeuza. Naelewa. Fundi aliyezoea kufikiri kwa vigezo atajifunza zaidi kwa QuickLOAD kuliko kwa programu inayomfanyia.

Angalia pia presha ya kuanzisha mwendo, yaani ile inayohitajika kukitoa kichwa shingoni na kukisukuma kwenye mifuo, ile michirizi ya ndani ya mtutu. QuickLOAD huanza na bar 250 kwa kichwa cha kawaida chenye koti la shaba na madini ya risasi ndani. Kwa vichwa vya shaba tupu, ambavyo wengi wanavibeba kwa nyati na tembo, mwongozo wake hupeleka bar 450. Kichwa kikiwa kimegusa mifuo kabla ya kupigwa, huongezwa takriban 500 juu yake. Mgeni akikutumia faili lenye kichwa cha shaba tupu na 250 imeachwa vile vile, mrudishie.

Hata kasi ikilingana kabisa, bado hujapima presha. Njia mbili tofauti za presha zinaweza kutoa kasi moja. Anayetaka kupima presha yenyewe hubandika kihisi cha mkunjo juu ya chemba, na hicho ni kifaa cha maabara zaidi kuliko cha kambini. Kwa sisi wengine, kanuni inayobaki ni kwamba kaliba ya kubuni ikitoa kasi kubwa kuliko ya kiwandani yenye ujazo unaolingana, nyongeza hiyo imelipiwa kwa presha.

Kuna hatari ambayo hakuna kati ya hizi mbili inayoiona: baruti ya kuungua taratibu ikiwekwa kidogo mno ndani ya ganda kubwa. Skrini itaonyesha presha ya chini na mtu ataona ametulia, kumbe kujaza namna hiyo kumewahi kuhusishwa na bunduki kupasuka. Asilimia ya ganda lililojaa baruti huonyeshwa kwenye zote. Ikiwa chini sana kwa baruti ya taratibu, iache.

Na kitabu je?

Kitabu cha watengenezaji wa baruti au vichwa bado kinashika nafasi ya kwanza pale kinapokuwepo. Takwimu zake zimepigwa kwenye mtutu wa majaribio wenye kipima presha. Baadhi ya kaliba zilizoanza kama za kubuni sasa zimo: .22-250 ilichukuliwa na Remington mwaka 1965, .25-06 mwaka 1969, na .35 Whelen, iliyobuniwa mwaka 1922, ilisubiri hadi miaka ya 1980. Kwa nyati iko .458 Lott, iliyotokana na mkasa wa mwindaji Jack Lott kupigwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, akaona .458 Winchester Magnum haitoshi. Leo viwanda vinaijaza. Ikiwa kaliba yako ina kitabu, programu iwe ya kujaza mapengo tu, kama mtutu wako ni mfupi kuliko wa kitabuni au unataka kuangalia joto.

Lott ina sifa nyingine ninayoithamini. Chemba yake inapokea risasi za .458 Winchester Magnum kwa dharura, kama zile kaliba za mbunifu P. O. Ackley zinavyopokea risasi za ganda mama na kulipanua zikipigwa. Mgeni ambaye begi lake la risasi limebaki uwanja wa ndege wa kuunganisha safari anaweza kuendelea. Mwenye .416 Taylor hana pa kwenda.

Na hata begi likifika, kuna kitako cha ganda. Maandishi yake kwa .416 Taylor iliyotengenezwa kwa ganda mama yatasoma .458 WIN MAG, wakati kibali cha bunduki kinasema .416. Afisa wa forodha pale KIA hana sababu ya kukuamini. Hakuna programu itakayolitatua hilo. Mgeni atafute maganda yaliyoandikwa jina la kaliba yake au aache bunduki hiyo nyumbani. Mashirika ya ndege nayo kwa kawaida huruhusu kilo 5 tu za risasi kwa abiria. Na kwa wanyama hatari kama nyati sheria zetu zinataka kaliba isiyopungua .375, hata iwe na kasi gani kwenye skrini.

Programu za nje, kwa ufupi

Ukishajua kasi halisi, za nje ni rahisi kuchagua. JBM Ballistics ni ya bure na ya kuaminika, ila inahitaji mtandao, kwa hiyo chapa majedwali yako Arusha kabla ya kwenda porini. Applied Ballistics ya Bryan Litz ni kwa wanaopiga mbali kweli, ikiunganishwa na kipima upepo cha Kestrel. Hornady 4DOF hutumia vipimo vya rada vya vichwa vyenyewe, na inafaa kama kichwa chako kimo kwenye orodha yake.

Hapa ndipo mwinuko unapoingia. Hewa ya Arusha, mita 1,400 na nyuzi 28, ina uzito wa karibu kilo 0.99 kwa mita ya ujazo, dhidi ya 1.225 ya usawa wa bahari kwa kipimo cha kawaida. Ni pungufu karibu moja ya tano. Natron, mita 600 na nyuzi 38, hufika kama 1.06. Bunduki iliyolenga sawa Ulaya usawa wa bahari itapiga juu kidogo huku; kwa swala granti wa mita 250 Simanjiro ni sentimita chache, na kwa nyati wa mita 50 sahau kabisa. Mwindaji wa wanyama hatari asitumie hata shilingi kwenye programu ya nje. Muda huo apige shabaha akiwa amesimama, kwenye vijiti vya kuegemezea bunduki.

Ningemshauri nani achukue nini

Mwindaji bingwa au msimamizi wa kampuni anayekagua risasi za wageni: GRT, bila kusita, kwa sababu ya kisanduku cha joto na kwa sababu mgeni anaweza kuipakua naye bure, mkabadilishana faili lile lile. Kijana wa Moshi anayejifunza balistiki bila kugusa baruti: GRT pia, aingize .375 H&H, abadilishe kitu kimoja kimoja, aone presha inavyotembea. Fundi mwenye leseni anayeunda kaliba za watu: QuickLOAD anunue, na GRT aiweke pembeni, zikipishana sana kwa kaliba moja, hiyo ni dalili ya kusimama na kupima maji upya. Mwenye kaliba ya kiwandani na kitabu chake: hahitaji kununua chochote.

Na anayempokea mgeni mwenye kaliba ya kubuni mwaka huu, amwandikie mapema, miezi miwili au zaidi kabla ya Julai. Aombe mambo haya: ujazo wa ganda kwa maji, ukipimwa kwenye maganda yaliyopigwa na bunduki hiyo hiyo, kasi halisi na joto la siku ilipopimwa, jina la baruti na namba ya kopo, aina ya kichwa, picha ya kitako cha ganda ambalo halijapigwa na picha ya lililopigwa, na faili la GRT. Akiwa hana kasi iliyopimwa, amwambie apime kwanza. Akiwa nayo, faili lifunguliwe, joto liandikwe 60, na namba itakayotokea itumwe kwake siku hiyo hiyo, akiwa bado na muda wa kuvunja risasi zake na kuzijaza upya.